Leseni yangu ilikwisha Texas, Kentucky wananikatalia

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 34, nina mke na watoto watatu, tunaishi Lexington, Kentucky. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na tulipoletwa Marekani tulifikia Abilene, Texas. Leseni yangu ya kwanza ya udereva niliipatia huko, na siku ile niliona sasa nimekuwa mtu.

Usiku mmoja nikitoka kazini askari alinisimamisha kwenye barabara kuu ya I-20. Akasema nimekwenda mbio, akaniomba karatasi ya bima. Bima nilikuwa nayo, nalipia kila mwezi, ila karatasi iliyokuwa garini ilikuwa ya zamani na simu ilikuwa imeisha chaji. Akaniandikia tiketi ya makosa mawili, mwendo na bima, pamoja na tarehe ya kufika mahakamani. Kabla tarehe haijafika kazi ikaisha, na shemeji akanipigia kutoka Lexington kuwa ghala lao linaajiri. Tukafunga virago. Nilijiambia ya Texas yameishia Texas. Anwani niliibadilisha kwa watu wa uhamiaji kama tulivyofundishwa, nikadhani serikali ni moja, wakijua hao wamejua wote.

Mwaka jana leseni ikaisha muda. Nikajaribu kuihuisha kwa mtandao, ikakataa. Nikaenda ofisi ya leseni hapa nikitaka ya Kentucky. Dada wa dirishani akaangalia kompyuta yake, akanirudishia kadi akasema Texas wana zuio juu yako, malizana nao kwanza. Nikatoka sijui naanzia wapi.

Tangu hapo naendesha hivyo hivyo. Naingia zamu ya usiku, na saa hizo hakuna basi la kufika ghalani. Mke wangu ni mjamzito, ana kliniki. Jumapili nawabeba wazee wawili wa kanisani. Nikiona taa za polisi nyuma yangu mikono inatetemeka. Mke wangu hajui kitu. Nimemwambia leseni inashughulikiwa.

Ushauri ninaopewa ni mwingi. Shemeji anasema endesha taratibu, washa indiketa, hakuna atakayekusimamisha. Rafiki yangu wa Nashville anasema Tennessee haimo kwenye mkataba wa majimbo wa kupeana habari za madereva, kwa hiyo niende nitumie anwani yake nichukue leseni ya kule. Mwingine anasema niagize leseni ya Tanzania au ya Congo nitembee nayo. Na kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anataka dola 800 anisafishie rekodi.

Kupiga simu Texas naogopa. Nasikia asiyefika mahakamani hutolewa hati ya kukamatwa. Nikijitaja, si ndiyo nimejipeleka mwenyewe? Nina grini kadi, na mwakani nafikisha muda wa kuomba uraia. Pia nilikuwa na mpango wa kusomea CDL, leseni ya magari makubwa, niendeshe malori kama wenzangu. Je, hayo yote yameharibika?

Nisaidie, Shangazi.

Baba Watatu, Lexington


Marahaba, mwanangu.

Pole kwa hofu uliyoibeba peke yako muda wote huu. Jambo lako lina njia ya kutokea, na njia yenyewe si ndefu kama unavyoiona usiku ukiwa barabarani. Lakini kabla ya njia hiyo lipo sharti moja: gari liache nyumbani kuanzia leo.

Tazama ulichonacho mkononi. Una mashtaka mawili madogo ya Texas, ambayo adhabu yake ni faini, pamoja na kutofika mahakamani. Ukisimamishwa Lexington hali hiyo inabadilika. Kwa sheria ya Kentucky, kuendesha wakati leseni yako imesimamishwa, imefutwa au umenyimwa ni kosa la jinai la daraja B, na kifungo chake kinaweza kufika siku 90. Ukipelekwa jela ya kaunti unachukuliwa alama za vidole, na alama hizo zinakwenda FBI na Wizara ya Usalama wa Ndani, ile ambayo uhamiaji uko chini yake. Kwa mtu anayengojea kuomba uraia, huo ndio mlango wa kuukwepa. Ushauri wa shemeji wa kwenda taratibu haukulindi: taa moja ya nyuma ikiungua, au mwingine akikugonga wewe ukiwa umesimama, askari ataomba leseni tu. Na ajali ikitokea ukiwa hivyo, kampuni ya bima itauliza dereva alikuwa nani na leseni yake ilikuwa katika hali gani. Umewabeba wazee wa watu, mwanangu. Na mjamzito.

Kwa hiyo mwambie mkeo, na umwambie leo jioni kabla hujaingia zamu. Najua unamficha kwa sababu hutaki kumtia wasiwasi akiwa katika hali hiyo. Lakini yeye anapanda gari hilo akiamini liko salama kisheria, na siku utakapozuiwa ndiye atakayebaki kando ya barabara na watoto. Ana haki ya kujua. Isitoshe unamhitaji. Kama hana leseni, huu ndio wakati wake wa kuchukua kibali cha kujifunzia. Kentucky mtu mwenye miaka 21 au zaidi anatakiwa akae na kibali kwa siku 30 kabla ya mtihani wa barabarani. Angalizo: anayekaa pembeni yake wakati anajifunza lazima awe na leseni hai na awe ametimiza miaka 21. Hiyo maana yake si wewe. Mwombe shemeji, hapo ushauri wake utakuwa na faida.

Kuhusu kliniki, kama mkeo ana Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, usafiri wa kwenda kwa daktari ni sehemu ya huduma hiyo. Apige simu siku chache kabla, aulize kama gari linaweza kumfuata. Watoto wana basi la shule. Mchana kuna mabasi ya Lextran. Mzigo mzito ni zamu yako ya usiku, na hapo nenda kwa msimamizi umwambie una tatizo la usafiri kwa muda, uombe zamu ya mchana au ulizia nani anapita mtaa wenu. Huna haja ya kumweleza zaidi ya hapo. Maghala yamejaa watu wetu wanaochangia mafuta kwenda kazini. Mpe mwenzako hela ya mafuta kila wiki na usione aibu. Wazee wa kanisani watapata mwingine wa kuwabeba ukisema mapema.

Sasa tuje kwenye ushauri wa marafiki, maana huo ndio unaowaponza wengi.

Rafiki yako wa Nashville amesema jambo la kweli nusu. Upo mkataba wa majimbo uliozaliwa miaka ya 1960, ambao msingi wake ni dereva mmoja, leseni moja, rekodi moja. Majimbo mengi yamo, na Tennessee haimo, sawa na Georgia, Wisconsin, Michigan na Massachusetts. Upo mkataba wa pili wa mwaka 1977, unaohusu watu kama wewe hasa, yaani aliyeandikiwa tiketi jimbo moja kisha asitokee. Lakini kilichokukwamisha pale dirishani hakitegemei uanachama wa mkataba wowote. Serikali ya shirikisho ina daftari la taifa la madereva, linasimamiwa na NHTSA, wakala wa usalama barabarani. Majimbo yote 50 na Washington DC hulitumia. Kabla ofisi yoyote haijatoa leseni, jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwombaji hupitishwa humo. Daftari lenyewe halihifadhi hadithi yako. Halisemi ulikwenda mbio wala hukuwa na bima. Linasema tu: mtu huyu amezuiwa, waulizeni Texas. Nashville utaoneshwa jibu lile lile uliloliona Lexington. Tofauti ni kwamba Nashville utakuwa umetia saini fomu ya serikali yenye anwani ambayo huishi, na hilo ni udanganyifu, kosa lililo kubwa kuliko yote mawili unayoyakimbia.

Leseni ya Tanzania au ya Congo haiondoi zuio. Ni karatasi ya kumsaidia mgeni anayepita, na wewe ni mkazi. Kentucky inampa mkazi mpya siku 30 kuhamisha leseni, Texas inampa 90. Siku hizo zimepita zamani. Na zile kadi za kimataifa zinazouzwa mtandaoni ni hasara tupu. Hata kibali halali cha kimataifa ni tafsiri ya leseni hai, na leseni iliyozuiwa haina cha kutafsiriwa.

Huyo wa dola 800 usimpe hata senti, wala usimtumie namba yako ya Social Security. Kilichoandikwa na Texas kinafutwa na Texas. Hakuna wakala, mchungaji wala fundi wa kompyuta mwenye ufunguo wa daftari hilo. Ukitaka kujua linasema nini juu yako, ni haki yako kuuliza bila malipo: unaandika barua yenye jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, unaitia saini mbele ya mthibitishaji wa umma (notary), unaipeleka NHTSA mjini Washington. Kwa hali yako sioni kama unahitaji kusubiri hiyo, kwa sababu jimbo lililokufunga unalijua tayari. Ila kama umewahi kuandikiwa tiketi kwingine, tuseme ukiwa njiani unahama, iombe. Kila jimbo linalokudai lazima limalizwe peke yake.

Haya, Texas.

Kwanza jua zuio lako ni la aina gani, maana leseni iliyoisha muda, iliyosimamishwa na iliyozuiwa kuhuishwa si kitu kimoja, na dawa zake ni tofauti. Iliyoisha muda tu ni suala la fomu na ada. Iliyosimamishwa ina ada ya kurudishwa, na wakati mwingine inadai cheti cha bima kinachoitwa SR-22. Ya tatu ndiyo ninayodhani ni yako. Texas ina utaratibu ambao mahakama ya mji au ya kaunti, mtu asipofika au asipolipa, inapeleka jina lake kwa idara ya usalama ya jimbo, DPS, na DPS inakataa kuhuisha leseni yake. Leseni inaendelea kuishi hadi siku yake ya mwisho, kisha inakufa na haifufuki mpaka mahakama iseme. Ndiyo maana hukuhisi chochote hadi tarehe ilipofika. Inawezekana barua ya kukuonya ilikwenda Abilene. Watu wa uhamiaji hawamwambii mtu mwingine anwani yako mpya. Ile fomu yao ya kubadili anwani, AR-11, inaishia kwao. DPS nao walitakiwa kuambiwa kivyao ndani ya siku 30.

Ingia kwenye ukurasa wa serikali ya Texas wa kuangalia hali ya leseni. Unaweka namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za Social Security, na unaoneshwa kila zuio na kila ada. Utaratibu ule wa kutofika mahakamani unaendeshwa kwa niaba ya DPS na kampuni ya OmniBase, nayo ina ukurasa wake unaokuonesha mahakama iliyokutaja na simu yake. Nakili kila kitu. Usikadirie.

Kisha piga simu mahakamani. Hapa ndipo unapoogopa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Inawezekana kweli kuna hati ya kukamatwa. Inawezekana pia kuna shtaka la tatu, la kuvunja ahadi ya kufika, kwa sababu ulipotia saini tiketi uliahidi. Lakini haya ni makosa ya daraja C, ya chini kabisa Texas, ambayo adhabu yake ni faini peke yake. Kwa kawaida hakuna anayetumwa kuvuka majimbo kumfuata mtu wa kosa kama hilo. Na tangu mwaka 2017 sheria ya Texas inamtaka hakimu aiondoe hati ya kutofika pale mshtakiwa anapojitokeza mwenyewe kwa nia njema kabla hajakamatwa. Soma hapo mara mbili, mwanangu: anayejitokeza. Kinga hiyo ni ya yule anayetangulia. Askari akitangulia, imekupita.

Simu ya kwanza iwe ya kuuliza tu. Mwambie karani wa mahakama jina lako na namba ya tiketi, uliza una mashtaka mangapi, kila moja linadai kiasi gani, kuna hati au hakuna, na mtu aliyehamia Kentucky anajitokeza vipi. Hakimu ana ruhusa ya kisheria kumsikiliza mtu kwa simu au kwa video kama kufika mwenyewe ni taabu kubwa. Sema wazi kwamba una watoto watatu, mke mjamzito, na uko mbali. Kama Kiingereza cha mahakama kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Hii ni kesi ya jinai hata kama ni ndogo, na ukiomba mahakama inapaswa kukuwekea. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Abilene iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi kwao, kwetu ni saa tatu. Ukitoka zamu, oga, kunywa chai, piga.

Usikimbilie kulipa. Najua ukisikia jumla utataka uitume yote siku hiyo hiyo ili ulale. Texas kulipa faini ni kukubali kosa, na kosa linaandikwa. Wewe una la kusema kwenye lile la bima, na huenda ndilo zito zaidi kati ya mawili: faini yake kwa mara ya kwanza ni kati ya dola 175 na 350, wakati mwendo kwa kawaida hauzidi dola 200 kabla ya gharama za mahakama. Umeniambia bima ulikuwa nayo. Basi ipigie kampuni uliyokuwa nayo wakati ule, uombe barua inayoonesha kwamba siku ile, gari lile, na jina lako vilikuwa ndani ya bima. Sheria ya Texas inasema anayethibitisha kuwa bima ilikuwa hai wakati aliposimamishwa, shtaka hilo linaondolewa. Usipoipeleka hiyo barua utahesabiwa kama aliyeendesha bila bima, na ya pili ya namna hiyo ikija ndiyo inayosimamisha leseni na kukulazimisha SR-22 kwa miaka miwili.

Kwa lile la mwendo, uliza kuhusu kuahirishiwa hukumu. Hakimu anakupa muda usiozidi siku 180, unalipa gharama, na usipopata kosa jingine shtaka linafutwa. Si kila mtu anapewa, na mwenye CDL haruhusiwi kabisa. Wewe hukuwa nayo siku ile, kwa hiyo uliza.

Na kama fedha haipo, sema haipo. Mahakama za Texas zinatakiwa kuangalia uwezo wa mtu, na hakimu anaweza kukupa kulipa kidogo kidogo, kazi za jamii badala ya pesa, au kukusamehe sehemu. Watu wetu wengi hukaa kimya mbele ya hakimu wakidhani kuomba ni utovu wa adabu. Si utovu wa adabu. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi hii, katika kesi ya mchungaji mmoja wa Georgia aliyehitaji gari kuzungukia waumini wake vijijini, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyang'anya mtu leseni bila kumpa nafasi ya maana ya kusikilizwa. Nafasi hiyo ni yako pia. Mimi kwa upande wangu naona si haki kumzuia mtu kuendesha gari kwa sababu ya deni, katika nchi ambayo bila gari hata kazi ya kulipia deni hilo huipati. California iliacha kusimamisha leseni kwa faini zisizolipwa mwaka 2017, na Virginia mwaka 2020. Texas bado, kwa hiyo tunafuata sheria ya Texas ilivyo. Ukihitaji mtu wa kukusimamia bure, Legal Aid of NorthWest Texas wanahudumia Abilene, na tovuti ya TexasLawHelp ina maelezo na fomu.

Mkishamalizana, mahakama inaiarifu DPS iondoe zuio. Kuna ada ya dola 10 kwa kila shtaka lililopelekwa, na mtu asiye na uwezo anaweza kusamehewa. Usiondoke hapo na maneno matupu. Omba karatasi ya mahakama inayoonesha kila shtaka lilivyoisha, weka nakala tatu, na angalia ule ukurasa wa hali ya leseni kila siku mbili tatu hadi uone umekuwa huru. Mifumo inachelewa. Ukienda ofisi ya leseni Lexington kabla Texas haijasasisha, utakataliwa tena. DPS wanaweza kukupa rekodi yako ya udereva kwa ada ndogo. Ichukue na uende nayo.

Lexington nenda na kadi ya zamani, grini kadi, uthibitisho wa Social Security, uthibitisho wa anwani na hizo karatasi za Texas. Kwa kuwa leseni imeisha muda, uliza mapema kama utafanyishwa mtihani wa maandishi au wa barabarani, na usione ni adhabu wakikutaka. Uliza pia lugha za mtihani wa maandishi. Jambo la muda: Texas yenyewe, leseni ikipita miaka miwili tangu kuisha, unaanza upya kama mtu mpya. Ya kwako iliisha mwaka jana, kwa hiyo hujachelewa, lakini usilaze damu.

Uraia. Fomu ya N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kuzuiliwa na askari yeyote, kwa sababu yoyote. Tiketi yako imo ndani ya swali hilo. Jibu ukweli, na uwe na karatasi za mahakama mkononi. Tiketi ya mwendo iliyomalizwa haimnyimi mtu uraia. Kuificha ndiko kunakotia shaka juu ya tabia njema, na tabia njema ndiyo wanayoipima. Kabla hujaipeleka fomu, mwoneshe faili lako wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Kentucky Refugee Ministries wana ofisi hapo hapo Lexington na hutoa huduma hiyo. Usimpe anayejaza fomu za watu sebuleni.

Na malori? Hapana, hayajaharibika. Mwendo wa kawaida na karatasi ya bima havimfungii mtu CDL. Lakini ofisi ya CDL itapitisha jina lako kwenye daftari lile lile la taifa, na kwenye daftari la pili la madereva wa biashara peke yao, kwa hiyo Texas lazima iwe imemalizika kwanza na leseni ya kawaida iwe mfukoni. Ukiipata CDL, jua kwamba hata kosa utakalotiwa nalo hatiani ukiwa kwenye gari lako la nyumbani, isipokuwa la maegesho, unatakiwa kumwarifu mwajiri ndani ya siku 30. Leseni ikisimamishwa, unamwarifu kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha.

Shangazi